Kadi ya Kanda Mbili

Mtu anayetoa maoni juu ya filamu asiyoimaliza, Mama Kadi alimweka fungu moja na fundi anayetaja ubovu wa gari kabla hajafungua boneti. Yeye mwenyewe alikodisha kanda za video miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna mkanda uliopanda rafuni kabla hajautazama mwanzo mpaka mwisho, hata uwe mbovu wa kuumiza meno. Akishautazama aliandika maoni yake kwenye kadi ngumu yenye ukubwa wa kiganja, akaibana kwenye jalada kwa klipu. Ndipo watu walipoanza kumwita Mama Kadi, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na lilikuwa na rafu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya filamu za kutisha, ya pili za upelelezi, na ya tatu, ile iliyosogezwa kona ya mlango, aliiita ya kihuni: filamu za magenge ya pikipiki, za magereza ya wanawake, za visasi vinavyochukua dakika tisini na lita mia za rangi nyekundu. Za mapenzi hakuweka. Aliyetaka mapenzi alielekezwa kwa uso mkavu aende akatafute kwake.

Kadi zenyewe zilikuwa hazina huruma wala chuki. Moja ilisema: "Damu nyingi, akili kijiko kimoja. Aliyetengeneza damu hii hajawahi kujikata kidole. Lakini yule mwanamke mwenye shoka anaijua kazi yake. Ichukue kwa ajili ya shoka." Nyingine: "Muuaji nilimjua dakika ya kumi. Nikaendelea kutazama kwa ajili ya makoti, maana ni mazuri sana." Na nyingine: "Popo ni wa karatasi na uzi unaonekana. Niliogopa hivyo hivyo. Sijui kwa nini na sitaki kuelezwa." Watu wazima waliokuwa na kazi zao na heshima zao walisimama pale dukani wakisoma kadi nusu saa nzima, wakicheka peke yao, halafu wakaondoka na mkanda ambao Mama Kadi mwenyewe ameuandikia kuwa ni upuuzi. Alikuwa anaamini, na hakuona haya kulisema, kwamba hakuna mtu mwingine katika mji ule aliyeweza kukuambia ukweli wote wa filamu kwa maneno arobaini.

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa upande wa pili wa kazi. Yeye hakuwa na subira ya kutazama filamu. Alikuwa fundi wa kanda. Mkanda ukikatika aliunga, ukijikunja aliunyoosha, ukipata ukungu aliufungua kwa bisibisi ndogo, akaupangusa kwa pamba na spiriti, akauhamishia kwenye ganda jipya na kubandika lebo kwa mwandiko wake ulionyooka. Walikaa meza moja jioni, mke akiandika na mume akikaza skrubu, na mtu akiwauliza siri ya ndoa yao walimwonyesha meza. Macho ya mumewe yalimwacha pole pole, na miaka minne ya mwisho ya maisha yake alizisikia filamu kwa mdomo wa mkewe, ambaye alimsimulia kila kitu mpaka rangi ya mapazia.

Kanda zikapitwa na wakati, diski nazo zikapitwa, duka likafungwa. Kadi mia nne na kumi na mbili ziliingia kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Zingekaa huko mpaka leo kama bintiye, ambaye ni mkutubi katika maktaba ya mji, hangechukua kadi ishirini siku moja ili kuwachekesha wenzake kazini. Wenzake walicheka, mmoja akampelekea rafiki yake, na rafiki huyo alikuwa mhariri. Mwezi haukuisha mhariri akawa amekaa sebuleni kwa Mama Kadi, amelegeza tai, boksi la viatu mapajani, anasoma kadi baada ya kadi na kusahau chai yake. Alisema anataka kuzichapa zote ziwe kitabu. Mama Kadi alimjibu kwamba amechelewa, lakini amekaribishwa.

Kadi iliyompindua mhariri ilikuwa namba mia mbili na kumi na nne. Ilikuwa ndefu kuliko zote, imeandikwa mbele na nyuma:

"Filamu ya kanda mbili, na haina adabu. Inaanza bila salamu na bila majina ya waigizaji. Watu wako kwenye mvua na unajua tu kwamba kuna jambo limeshaharibika. Mama mwenye koti la kijani anauawa na kuzikwa, unaona kwa macho yako. Mkanda wa pili ndipo majina yanapotokea, kama mgeni anayejitambulisha baada ya kumaliza chakula chako, na mama yule yule anashuka kwenye basi na sanduku lake, anatabasamu. Anaingia jikoni, anachemsha chai. Hakuna anayeshangaa isipokuwa wewe. Nimetazama mashetani mia na hakuna aliyenitisha kama mama huyu na birika lake. Lugha sikuelewa hata neno moja na sikuihitaji. Usiitazame ukiwa peke yako nyumbani."

Kanda zile mbili zilikuwa na historia mtaani. Mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari alizitazama siku ya likizo, na wiki nzima iliyofuata alikataa chai ya mama mkwe wake bila kutoa sababu. Fundi bomba, jitu la watu lenye mikono kama ya mwokaji, alizikodi mara kumi na moja, na kila akizirudisha alisema neno lile lile: "Mama Kadi, yule si mtu." Mhariri aliposimuliwa hayo alipiga goti lake kwa furaha. Kitabu kikaitwa *Mama na Birika Lake*. Akaandika dibaji ya kurasa sita kuhusu mwanamke mmoja aliyeona katika filamu isiyojulikana kitu ambacho wenye elimu zao hawakukiona, na majalada yakachapwa mapema, kijani, na birika katikati. Siku Mama Kadi alipoletewa jalada moja alilisimamisha juu ya televisheni, akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama. Kichwa kilimvimba, na alikiacha kivimbe.

Kurasa za ndani zilikuwa ziende mtamboni Jumatatu. Jumamosi mchana bintiye akaja na bahasha, anashindwa kuzuia tabasamu.

"Mama, kaa. Imenichukua miezi mitano kuipata hii. Nimeiagiza nje, kuna mtu anakusanya filamu za zamani. Nataka tuionyeshe maktaba siku ya uzinduzi."

Ilikuwa diski, na ilikuwa filamu ile ile ya koti la kijani, imesafishwa, tena imewekewa tafsiri kwa maandishi chini ya picha. Mama Kadi alifuta kioo cha televisheni kwa upindo wa kanga, akakaa kwenye kiti chake, akakunja mikono kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Yakatokea majina ya waigizaji. Kisha basi, na mama akashuka na sanduku lake, anatabasamu.

"Simamisha," alisema Mama Kadi. "Wameiharibu. Wameweka ya pili mwanzoni."

"Mama, ni diski moja. Imetoka kiwandani hivi."

"Viwandani nako kuna wavivu. Mtu kapewa kazi, kachanganya, kaenda zake nyumbani. Sogeza mbele uone."

Hawakusogeza. Waliitazama yote, kwa sababu Mama Kadi hajui kutazama kwa namna nyingine. Maandishi ya tafsiri yakaanza kumsemea yule mama, na kumbe alikuwa anasema mambo ya kawaida kabisa: safari imenichosha, nyumba haijabadilika, naomba nichemshe chai. Alikuwa amekuja kudai sehemu yake ya urithi wa baba yake, na kila aliyekaa mezani alikuwa na sababu ya kutomtakia mema. Mama Kadi alianza kutikisa mguu. Kufika katikati aliacha. Mama mwenye koti la kijani akauawa, akazikwa kwenye mvua, mpelelezi akawakusanya watu sebuleni na kuwaeleza nani alifanya nini na kwa sumu gani, na mwisho kabisa likatokea neno moja kwenye skrini, peke yake, kwa herufi nyeupe.

Neno hilo Mama Kadi alilijua sana. Lilikuwa linafunga mkanda wa kwanza, na kwa miaka ishirini na miwili yeye aliamini maana yake ni "pumzikeni kidogo." Sasa chini yake palikuwa na tafsiri: Mwisho.

Mama Kadi akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kanda zile mbili na bisibisi ya marehemu. Alifungua ganda lenye lebo ya kwanza, skrubu tano, akazipanga juu ya kitambaa kama alivyokuwa akiona zikipangwa. Kila mkanda una magurudumu mawili ndani yake, na kwenye kitovu cha gurudumu kiwanda kilikuwa kimepiga alama ya nukta, ndogo kama chembe ya chumvi. Nukta moja ni mkanda wa kwanza, nukta mbili ni wa pili. Ndani ya ganda lililoandikwa la kwanza palikuwa na nukta mbili. Hakuwa na haja ya kufungua la pili, lakini alilifungua.

Basi akakumbuka yote, na akamweleza bintiye. Kanda zile zilikuja kwenye gunia, na nyingine thelathini, kutoka duka lililofungwa, zote zimeota ukungu. Mumewe alikuwa na sheria yake: usifungue mkanda wa pili kabla hujafunga wa kwanza. Lakini hizi zilikuwa filamu moja, kwenye boksi moja, na siku hiyo alizifungua pamoja zikauke pamoja. Alipozirudisha, alizipishanisha. Mkanda wa kwanza ukaingia ganda la pili, wa pili ukaingia la kwanza, na juu yake akabandika lebo safi kwa mwandiko ulionyooka. Kosa lenyewe ni la msafisha kanda. Mtu mwingine yeyote hawezi kulifanya hata akitaka.

"Nukta hizi alikuwa anaziangalia kila mara," alisema Mama Kadi. "Kila mara. Alikuwa anainua gurudumu kwenye taa hivi."

Akalinyanyua gurudumu, akabaki amelishika hewani. Lilikuwa limemjia jambo jingine, zito kuliko la kwanza. Ule ulikuwa mwaka wa balbu. Mumewe alilalamika kwamba taa ya mezani haina mwanga, wakabadilisha balbu mara tatu, na yeye Mama Kadi akamtania kwamba anataka kufanyia kazi juani. Ilipita miaka miwili kabla hajasema kwamba macho yake yana tatizo. Mwaka ule wa balbu alikuwa haoni nukta tena. Alijua, akanyamaza, akaendelea kuzinyanyua kwenye taa ili mkewe aone anazinyanyua.

Mama Kadi alilia kidogo, kilio cha hasira, akajifuta kwa kiganja kabla bintiye hajapata la kufanya.

"Mama," bintiye alisema kwa sauti ya maktaba. "Sikiliza. Hakuna mwingine hapa mjini mwenye filamu hii. Tusiionyeshe, basi. Nitasema diski haifanyi kazi. Kitabu kiende kama kilivyo. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua, mimi nimeshajua. Hiyo tayari ni kamati."

"Ni kadi moja kati ya mia nne."

"Ndiyo iliyo kwenye jalada."

"Na Baba je? Alificha kwa sababu hakutaka watu wajue. Ukisema kosa lilitoka wapi, utakuwa umemtangaza."

Mama Kadi alizirudisha skrubu moja moja, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, akavipanga, akaviosha tena. Ukweli ni kwamba kwa jina lake mwenyewe aliogopa, na aliogopa sana. Miaka thelathini na moja amewaambia watu waamini kadi yake kuliko macho yao. Sasa awaambie kadi aliyowatisha nayo, iliyompa kitabu, ameiandika akitazama filamu kinyumenyume bila kushtuka? Lakini hilo angelimeza. La mumewe ndilo lililomkwama kooni. Mtu yule alisafisha kanda mia sita na kitu, na mtaa mzima ulijua hakuwahi kupoteza hata skrubu moja. Ilikuwa sifa yake, na alikufa nayo.

Bintiye aliaga akiwa hajui mamake ameamua nini, kwa sababu hata mamake hakujua.

Jumapili asubuhi Mama Kadi alikaa kwenye ile meza na pakiti ya kadi tupu. Ya kwanza alimwondoa mumewe kabisa, akaandika "kanda zilipishana," kana kwamba zilipishana zenyewe njiani. Aliisoma na kuona aibu, maana alikuwa amewacheka watunzi wa filamu maisha yake yote kwa kuficha maiti namna hiyo hiyo. Akaichana. Ya pili alijibebesha kosa lote yeye, akasema ndiye aliyezipishanisha. Hiyo ilikuwa uongo mtupu, akaichana vipande vidogo zaidi. Ya tatu ilikuwa na huruma nyingi mpaka marehemu akaonekana mtoto. Alijua mumewe angeikasirikia hiyo kuliko zote. Ya saba ndiyo iliyobaki mezani, na alipoisoma hakupata la kuongeza wala la kupunguza.

Jumatatu saa mbili alikuwa ofisini kwa mhariri. Mhariri aliisoma kadi mpya amesimama, akaisoma tena amekaa, akashika tama.

"Mama, hii tusiiweke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inaua kitabu. Jalada ni birika. Dibaji yangu yote ni birika. Msomaji anafunga ukurasa ameogopa, halafu wewe unamwambia hakukuwa na cha kuogopa."

"Sijasema hivyo. Soma vizuri."

"Basi tuondoe zote mbili. Tubadilishe jina la kitabu, tuchape majalada mengine, sijui nitawaambia nini wakubwa zangu, lakini tuondoe. Hakuna atakayeuliza."

"Nitauliza mimi," alisema Mama Kadi. Boksi la viatu lilikuwa juu ya meza ya mhariri, karibu na simu. Alilivuta, akaliweka mapajani, akalifumbata kwa mikono miwili. "Zichapwe zote mbili, ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine. Jina la kitabu liache, birika liache. Dibaji yako utaiandika upya, na usinipake mafuta. Ukishindwa, mimi na kadi zangu tunakwenda nyumbani, tulikuwa tunaishi vizuri tu."

Mhariri alimtazama, akalitazama boksi. Alikuwa mtu wa vitabu miaka mingi, na alijua tofauti ya mwandishi anayetishia na mwandishi anayeondoka. Aliomba siku nne za dibaji.

Uzinduzi ulifanyika wiki tatu baadaye, asubuhi, katika ukumbi mdogo wa maktaba. Viti vilikuwa hamsini na watu walikuwa wengi kuliko viti. Nusu yao Mama Kadi aliwajua kwa rafu zao: yule wa kutisha, yule wa upelelezi, na wale wazee wawili wa kihuni waliokaa nyuma kabisa wakijitia wamekuja kusoma magazeti. Mwalimu wa hesabu alikuwa mstari wa mbele. Fundi bomba alisimama ukutani na mkoba wake wa spana, kwa sababu alikuwa anatoka kazini na anarudi kazini. Bintiye alikuwa kwenye meza ya vitabu karibu na mlango, anapanga upya rundo lililokwisha kupangwa.

Mama Kadi alisoma kadi kumi. Ukumbi ulicheka pale alipotaka ucheke. Kisha akasoma namba mia mbili na kumi na nne, na alipofika kwenye birika watu walianza kuguna na kupeana viwiko, maana walikuwa wakingojea hiyo tu. Makofi yalikuwa marefu. Aliyasubiri yaishe, akasema chini yake kuna kadi nyingine, na akaisoma bila kuinua macho:

"Namba mia mbili na kumi na nne, marekebisho. Nilikosea. Kanda zilikuwa zimeingia maganda yasiyo yake, tukatazama nusu ya pili kwanza. Kwa mpangilio wake halisi hii si filamu ya kutisha. Ni ya upelelezi, ya kawaida, na muuaji nilimjua kabla chai haijachemka. Aliyezipishanisha ni mume wangu, ambaye alisafisha kanda mia sita akakosea mbili, mwaka ambao macho yake yalishaanza kumwacha na hakutaka mtu ajue. Aliyeandika bila kushtuka ni mimi, na mimi macho yangu yalikuwa mazima. Rafu niliyowapa haikuwa ya kweli. Hofu mliyoipata ilikuwa ya kweli, na siwezi kuwarudishia."

Mwalimu wa hesabu alikuwa ametoa macho, inaonekana anapiga hesabu za zile siku saba za mama mkwe. Mama Kadi aliikunja karatasi yake, akaikunjua, akaikunja. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko na amejiandaa kwa minong'ono, lakini kimya hakukijiandalia.

Fundi bomba alitoka ukutani.

"Kwa hiyo yule mama alikuwa mzima," alisema.

"Alikuwa mzima, fundi. Alikuwa amefika tu kutoka safari."

"Na mimi nimemwogopa miaka ishirini."

"Kwa sababu yetu."

Fundi bomba alifikiri, na alikuwa mtu anayefikiri bila haraka. "Hizo nyingine? Hizo mia nne na kumi na moja?"

"Filamu zote za kanda mbili nilikuwa nazo tisa. Nimezifungua zote wiki hizi mbili, nimeangalia nukta kwa miwani ya kukuza. Ziko sawa. Na zote, hizo na nyingine, nilizitazama mpaka mwisho."

"Kwa hiyo yaliyoandikwa humo ni kweli."

"Ni kweli."

"Basi," alisema fundi bomba, kama mtu aliyefunga koki na kuona haivuji tena. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya bintiye Mama Kadi, akachukua kitabu, na watu wakaanza kuinuka nyuma yake, kwanza mwalimu wa hesabu, halafu wale wazee wa kihuni, mpaka foleni ikazunguka rafu za magazeti. Mhariri alibaki amesimama kando, akiwahesabu kwa midomo, na alipokutana na macho ya Mama Kadi aliinamisha kichwa kidogo.

Mama Kadi alikuwa ameona fahari mara nyingi maishani mwake na hakuwahi kuificha. Lakini hii ya leo ilikuwa na uzito mwingine, kwa sababu haikuwa ya kusifiwa. Watu hawa walikuwa wamesikia kosa lake kwa kinywa chake na bado walikuwa wanataka neno lake. Alinyoosha mgongo kwenye kiti, akafungua kalamu.

Fundi bomba alimwekea kitabu mbele. Hakukifungua ukurasa wa kwanza, pale ambapo waandishi hutia saini. Alikifungua kwenye kadi zile mbili.

"Tia hapa, Mama Kadi."

Alitia saini chini ya marekebisho, akataka kukifunga. Lile jitu likaweka kidole kwenye ukurasa.

"Na ya mzee," alisema. "Mimi filamu ya upelelezi nisingeikodi mara kumi na moja. Ile filamu niliyoiona mimi aliitengeneza yeye, kwenye meza yenu pale. Sijaona nyingine kama ile. Muweke naye."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa tayari ameshafungua cha kwake kwenye ukurasa ule ule, na aliyemfuata vivyo hivyo. Bintiye alikuwa amesimama na vitabu viwili mkononi, machozi yanamtoka na hayafuti, anamwambia mgeni ambaye hakumuuliza kitu kwamba yule ni baba yake.

Mama Kadi alipangusa ncha ya kalamu. Kisha, kando ya saini yake, akaandika jina la mumewe kwa herufi kubwa, kubwa kiasi kwamba hata marehemu, na macho yake yale, angeweza kulisoma.